Nesi Anajibu: Dripu Nayo ni Dawa

Toleo lililopita nilimgusia mgonjwa anayetapika na kuharisha, nikasema si kila anayelazwa lazima atundikiwe dripu. Sentensi hiyo moja imeniletea barua nyingi kuliko makala yote. Nimezisoma. Wengi walioandika ni watu waliokesha kando ya kitanda cha mzazi au mtoto, wanaitazama chupa ikidondoka, hawajui ndani yake mna nini wala itaisha lini, na hakuna aliyewaeleza. Ukurasa wa leo ni wao. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha.

SWALI: Shikamoo dada nesi. Mama yetu ana miaka 72 na ana ugonjwa wa moyo. Alilazwa kwa homa kali, hali wala hanywi, midomo imemkauka. Jioni alitundikiwa dripu, akachangamka, tukafurahi. Usiku wa manane akaanza kukohoa, akakataa kulala chali, akawa anataka kukaa tu huku anahema. Daktari wa zamu alikuja akaifunga dripu, akamchoma sindano ya kumfanya akojoe, na kulipokucha alikuwa afadhali. Tuliambiwa mapafu yalijaa maji. Maji yaleyale yaliyomfumbua macho jioni yamewezaje kumziba pumzi usiku? – Binti wa kwanza

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na poleni sana. Mlifanya la maana: mliona mama amebadilika, mkaita mtu. Wako ambao wangesubiri kukuche.

Ukimwekea mtu lita moja ya maji ya chumvi mshipani, lita hiyo haikai yote ndani ya mishipa ya damu. Mishipa midogo kabisa inapitisha maji, na baada ya muda si mrefu sehemu kubwa inakuwa imepenya na kuingia kwenye nyama za mwili. Kinachobaki mishipani ni kama robo tu. Mwenye moyo mzima na figo nzima hasumbuki sana; ziada itachujwa, ataikojoa, ingawa hata kwake kazi hiyo huchukua saa nyingi. Kwa mama yenu hesabu ni nyingine. Moyo wake unasukuma kwa unyonge. Damu inayotoka mapafuni kwenda moyoni haiondolewi kwa kasi inayotakiwa, inarundikana nyuma, shinikizo linapanda kwenye mishipa ya mapafu, na maji yanasukumwa mpaka ndani ya vifuko vya hewa. Ndiyo sababu alikataa kulala chali. Mtu akilala, damu ya miguuni inarudi kifuani na mzigo unazidi. Akikaa miguu ikining'inia, anapumua. Mgonjwa wa moyo anayepigania kukaa msimlazimishe kulala hata siku moja.

Kuna na chumvi, ambayo wengi hawaifikirii. Maji ya chumvi ya kawaida ni ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 za chumvi katika kila lita. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Basi fikiria mama ambaye kliniki imemkataza chumvi miaka yote, halafu usiku mmoja anaingiziwa lita mbili: gramu 18 moja kwa moja kwenye damu. Na chumvi ikibaki mwilini, maji nayo yanabaki.

Simlaumu aliyeandika dripu ile. Mama mwenye homa, asiyekunywa, midomo mikavu, alihitaji maji kweli. Jambo la kuuliza ni kiasi gani, kwa kasi gani, na nani alipangiwa kurudi kumwangalia. Taasisi ya Uingereza inayotunga miongozo ya tiba, NICE, ilitoa mwongozo wa dripu kwa watu wazima mwaka 2013. Humo mgonjwa wa kawaida ambaye hawezi kunywa, na ambaye hapotezi maji kwa njia nyingine, anakadiriwa mililita 25 hadi 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mzee aliyedhoofu, au mwenye moyo au figo zilizochoka, anashushwa hadi mililita 20 au 25. Mama wa kilo 50 hapo anapata lita 1 hadi lita 1 na robo kwa saa 24 zote, si kwa usiku mmoja. Na ndani ya hesabu hiyo mnaingia anachokunywa mwenyewe pamoja na maji yanayochanganywa na dawa zake. Hayo ya mwisho ndiyo yanayosahaulika mno. Dawa inayowekwa kwenye mililita 100 mara tatu kwa siku tayari ni mililita 300, na hakuna anayeiita dripu.

Taasisi hiyohiyo ilieleza kwamba wagonjwa wanaofikia 1 kati ya 5 wanaowekewa dripu hupata madhara kwa sababu haikutolewa inavyopasa. Ni wengi mno hao kwa kitu tunachokichukulia kuwa maji tu. Tukimpa mgonjwa kidonge cha presha tunaandika miligramu, tunaandika saa, tunaangalia kimemfanya nini. Dripu nayo inataka hivyohivyo.

Nikiwa zamu na mgonjwa wa aina ya mama yenu, kwanza namhesabia pumzi dakika nzima, si robo dakika halafu nizidishe. Namsalimia na kumuuliza jambo linalotaka jibu refu, nisikilize kama anaimaliza sentensi au anakatika katikati. Natazama mishipa ya shingo. Nabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu nione kama panabaki shimo. Na kama amelala siku kadhaa nabonyeza chini ya kiuno, nyuma, kwa sababu kwa aliyelala maji hukusanyika huko na miguu ikaonekana haina neno. Asubuhi napima uzito, mzani uleule, saa ileile, akishakojoa. Hakuna anayenenepa kilo mbili kwa usiku mmoja. Kilo moja iliyozuka ghafla ni karibu lita moja ya maji.

Nanyi ndugu mna kazi hapo. Msimwage mkojo kabla haujapimwa. Mtu mzima wa kilo 60 tunatarajia atoe walau mililita 30 kwa saa; ukipungua hapo, huenda maji hayatoshi au figo zinalemewa, na lazima tujue ni lipi. Tuambieni amekunywa vikombe vingapi. Na kila zamu inapobadilika, mwambieni nesi anayeingia: mama ana ugonjwa wa moyo. Msiogope kurudia.

SWALI: Mjomba wangu amelazwa na amedhoofu sana. Tulimwomba daktari amtundikie dripu ya nguvu, ile ya sukari. Amekataa, anasema ale na anywe. Tunaona kama ametupuuza. – Mpwa

JIBU: Mwanangu, hakuwapuuza. Hebu tuifungue chupa hiyo kwa hesabu. Dripu ya sukari ya asilimia 5 ina gramu 50 za glukosi kwa lita, ambazo ni kama kalori 200. Mtu mzima anahitaji kalori 2,000 hivi kwa siku. Ili ashibe kwa dripu hiyo angetakiwa aingiziwe lita kumi, na zingemuua kabla hazijamshibisha. Haina protini wala mafuta, na vitamini hamna.

Najua mnachokikumbuka: yule jirani aliyetoka wodini anatembea baada ya chupa mbili. Alikuwa amekaukiwa maji. Kilichomwinua ni maji, na kama angeweza kunywa angeinuka vilevile.

Ipo na hatari yake. Mwili ukishaitumia ile sukari, kinachobaki ni maji matupu yasiyo na chumvi. Mtu mwenye maumivu, aliyetoka kupasuliwa, anayetapika au mwenye homa ya mapafu, mwili wake hutoa homoni inayozuia mkojo. Maji matupu yanaingia na hayatoki, sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, inashuka, na seli za ubongo zinavimba. Huanza na kichwa kuuma na kichefuchefu, kisha mgonjwa anasinzia au anachanganyikiwa, na mwisho degedege. Watoto ndio wanaoumia haraka. Miaka mingi wodi za watoto zilitumia dripu zenye chumvi kidogo kwa kufuata hesabu iliyotolewa Marekani mwaka 1957, na mwaka 2018 chama cha madaktari wa watoto cha hukohuko Marekani kilielekeza kwamba watoto wengi wanaohitaji dripu ya kuwakimu, kuanzia siku 28 hadi miaka 18, wapewe yenye chumvi inayolingana na ya damu.

Dripu ya sukari ina mahali pake. Sukari ikishuka kwenye damu, tunaikimbilia, na mara nyingi tunatumia iliyo kali kuliko hiyo. Ila kwa mjomba aliyedhoofu na anayeweza kumeza, chakula laini kidogokidogo mara nyingi kwa siku ndicho dripu yake ya nguvu. Na kama hali chakula kwa siku nyingi sasa, mwambieni daktari hilo waziwazi, kwa sababu aliyekaa na njaa muda mrefu akimiminiwa sukari ghafla, madini kama fosfeti na potasiamu yanaweza kushuka vibaya. Tena anahitaji vitamini B1 kwanza.

Msidharau kinywa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, kipindupindu kiliingia kambi za wakimbizi huko Bangaon, India. Dripu zilipokuwa zinakwisha, daktari Dilip Mahalanabis na wenzake waliwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa maji, chumvi na glukosi, na ndugu wa wagonjwa ndio walioshika vikombe. Vifo viliporomoka kutoka kama asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Hiyo ndiyo ORS tunayowapa leo.

SWALI: Binti yangu wa miaka mitatu alifikishwa hospitali na homa kali, mikono na miguu ya baridi, amelegea. Nilitegemea wamfungulie dripu kwa kasi kama nilivyoona akifanyiwa mtoto mwingine aliyekuwa anaharisha. Wao wakampa oksijeni, wakampima malaria na wingi wa damu, wakamchoma dawa, na dripu wakaiacha inadondoka polepole. Amepona, namshukuru Mungu. Lakini bado nina kinyongo. – Baba mwenye maswali

JIBU: Kaka, nakuomba kinyongo hicho ukiweke chini, maana walichokifanya kina ushahidi mzito nyuma yake, na ushahidi wenyewe ulipatikana kwa gharama.

Zamani sote tulifundishwa hivyo: mtoto mwenye homa kali na miguu ya baridi, mfungulie maji kwa kasi. Kisha likaja jaribio lililofanyika Uganda, Kenya na Tanzania, likiitwa FEAST. Watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutozunguka vizuri waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa maji mengi kwa haraka, ama ya chumvi ama ya albumini, ambayo ni protini ya kwenye damu. Wengine hawakupewa hayo ya haraka, wakapata tiba nyingine zote pamoja na dripu ya kawaida ya taratibu. Watafiti walitarajia maji ya haraka yaokoe. Matokeo yalitoka mwaka 2011: ndani ya saa 48, waliofariki kati ya waliomiminiwa walikuwa karibu 11 katika kila 100, na kati ya wasiomiminiwa 7. Jaribio lilisimamishwa kabla ya wakati wake. Zaidi ya nusu ya watoto wale walikuwa na malaria, na wengi walikuwa na upungufu mkubwa wa damu. Mtoto wa namna hiyo anahitaji damu na dawa; maji yanaizimua hata ile damu kidogo aliyonayo.

Nilikuwa wodini matokeo yale yalipofika. Kulikuwa na ukimya, halafu mabishano makali, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa amewahi kuifungua dripu namna ile kwa nia njema kabisa. Tangu hapo Shirika la Afya Duniani limepunguza kiasi na kasi kwa watoto kama binti yako: hata aliye na dalili zote za mshtuko, yaani damu imeshindwa kuzunguka mwilini inavyotakiwa, anapewa mililita 10 hadi 20 kwa kila kilo, kwa nusu saa mpaka saa nzima, na anaangaliwa muda wote.

Yule mtoto uliyemwona anaharisha ni habari nyingine kabisa, na watoto wanaoharisha hawakuingizwa kwenye jaribio lile. Yeye maji yametoka mwilini kweli, lazima yarudi. Mtoto wa zaidi ya mwaka mmoja aliyekaukiwa sana hupewa mililita 100 kwa kila kilo kwa saa tatu. Wa kilo 12, hiyo ni mililita 1,200, na 360 kati yake zinaingia nusu saa ya kwanza. Hapo kuchelewa ndiko kunakoua. Ila mtoto huyohuyo akiwa na utapiamlo mkali, tunarudi kwenye tahadhari: moyo wake umedhoofika pamoja na misuli mingine, na tunamnywesha taratibu kama hayuko kwenye mshtuko.

Kwa wanaoharisha dripu ina historia ndefu. Mwaka 1832, kipindupindu kilipoivamia Scotland, daktari Thomas Latta wa mji wa Leith alimwekea bibi mmoja aliyekuwa anakata roho maji ya chumvi mshipani, kama lita tatu kwa nusu saa. Bibi akarudi, uso ukapata rangi, akazungumza. Latta alimwona yuko salama, akamwachia daktari mwingine, akaondoka. Kuhara na kutapika vikaanza tena, hakuna aliyemwongeza maji, na baada ya saa tano na nusu alifariki. Latta aliiandika habari hiyo mwenyewe. Huwa nawasimulia wanafunzi wa uuguzi kila wanapokuja wodini, kwa sababu bibi yule aliponzwa na kutorudiwa.

Hata kwa watu wazima jambo hili lipo. Nchini Zambia, utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwachunguza watu wazima wenye maambukizi makali na presha ya chini, wengi wao wakiishi na virusi vya UKIMWI. Waliopewa maji mengi mapema walifariki asilimia 48. Waliopata huduma ya kawaida, asilimia 33. Haina maana kwamba mwenye presha iliyoshuka aachwe. Ina maana kila mililita 500 zinazoingia, mtu arudi kitandani aangalie pumzi, presha na mkojo kabla ya kuweka nyingine.

SWALI: Dada, nauguza baba. Chupa inachukua saa nane kwisha na yeye inamchosha. Kile kigurudumu cha kwenye mrija nikikilegeza kidogo, kuna ubaya? – Mwanafunzi wa chuo

JIBU: Kipo, na ni mkubwa. Usikiguse, mdogo wangu.

Lita moja kwa saa nane ni mililita 125 kwa saa. Kwa mrija wa kawaida unaotoa matone 20 kwa mililita, hayo ni matone 42 kwa dakika. Ndiyo maana unaniona nimesimama pale, saa mkononi, macho kwenye kile kichupa kidogo ambamo matone yanaanguka. Nahesabu, nabana kidogo, nahesabu tena. Kisha namwomba mgonjwa akunje mkono na kuunyoosha, nihesabu mara ya tatu, kwa sababu kanula, kile kimrija kinachobaki ndani ya mshipa, ikiwa kwenye kiwiko, mkono ukikunjwa matone yanasimama na ukinyooshwa yanakimbia. Wewe ukilegeza robo mzunguko, kasi inaweza kuongezeka mara tatu na macho yako yasitambue.

Na chupa zinafanana. Ya baba inaweza kuwa imeongezwa potasiamu. Potasiamu kwenye damu inatakiwa iwe kati ya 3.5 na 5 milimoli (kipimo cha wingi wa madini) kwa lita. Ikipanda sana moyo unapoteza mapigo yake na unaweza kusimama. Lita yenye milimoli 40 ikienda saa nane, anapata 5 kwa saa, ni salama. Uifungue iishe kwa saa moja, anapata zote 40, wakati kwenye wodi za kawaida sehemu nyingi hatuzidishi 10 kwa saa bila mashine ya kufuatilia moyo. Ndiyo maana vichupa vya potasiamu kali hospitali nyingi zimeviondoa wodini, vinawekwa mahali pa kufungwa. Kwenye chupa iliyoongezwa dawa kunatakiwa kuwe na karatasi iliyobandikwa: dawa gani, kiasi gani, saa ngapi. Kama huioni, uliza.

Baba akichoka, niite. Pengine ameshaanza kunywa vizuri na dripu haihitajiki tena, na hilo tunalisahau zaidi ya tunavyopenda kukubali. Kila asubuhi una haki ya kuuliza: leo hii dripu ni ya nini?

SWALI: Nimeona mapovu ya hewa kwenye mrija. Yakiingia mshipani si mtu anakufa? Na chupa ikiisha usiku nesi hayupo? – Mama wa mapacha

JIBU: Vipovu vidogo vinavyoshikilia ukuta wa mrija havimdhuru mgonjwa wa kawaida, vinakwama kwenye vishipa vidogo vya mapafu na kufyonzwa. Hewa ya kutisha ni nyingi kuliko hiyo, na hatari yake kubwa iko kwa wenye mrija uliofika mshipa mkuu karibu na moyo. Ila mtoto au mtu mzima mwenye tundu kwenye moyo, tuambieni, kwa sababu kwake hata kidogo tunakiondoa.

Mfuko laini ukiisha, maji kwenye mrija hushuka mpaka yalingane na nguvu ya mshipa, yanasimama. Mara nyingi damu hupanda kidogo kwenye mrija, ikikaa inaganda, na kanula inaziba. Ndipo inabidi achomwe upya. Chupa ikikaribia shingoni, niite.

SWALI: Baba ana saratani iliyosambaa. Madaktari wanasema siku zimekaribia na wanapendekeza dripu itolewe. Kaka zangu wanasema tutakuwa tumemuua kwa kiu. Mimi sijui nishike lipi. – Kitindamimba

JIBU: Pole sana, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Baba anaondoka kwa sababu ya saratani. Mwili unapofunga kazi zake, figo zinapunguza kuchuja na moyo hausukumi kama zamani, kwa hiyo maji tunayoyaingiza hayana pa kwenda. Yanavimbisha miguu na mikono, yanaongeza makohozi anayoshindwa kuyatoa, na ule mkoromo wa kifuani unazidi. Kiu anayoihisi mtu wa hali hiyo mara nyingi ni ya kinywa kilichokauka, na chupa ya mshipani haikilowanishi kinywa.

Hiyo kiu mnaweza kuituliza nyinyi, tena vizuri kuliko sisi. Kitambaa laini au sponji ndogo iliyochovywa maji safi, mpitishie kwenye midomo, ndani ya mashavu na juu ya ulimi, kila baada ya saa moja hivi akiwa macho. Midomo ipakeni mafuta. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mkalisheni, mpeni kwa kijiko, kidogo sana, akikohoa, acheni. Wapangieni zamu kaka zako. Mwenye kitambaa mkononi hujua kwamba hajamtelekeza baba yake.

Wapo wachache ambao maji kidogo huwasaidia, kwa mfano aliyechanganyikiwa kwa kukaukiwa. Mwombeni daktari aeleze kwa nini anaona baba si mmoja wao. Akiwa na shaka, inawezekana kujaribu kiasi kidogo kwa siku moja, kuangalia kama baba anatulia au anataabika, kisha kuamua. Muombe kikao, wote mkiwepo, ili pasiwe na mmoja wenu atakayebebeshwa uamuzi peke yake.

SWALI: Mahali ilipochomwa dripu pamevimba na panauma. Niliambiwa ni kawaida. – Niliyelazwa juzi

JIBU: Si kawaida. Kama pamevimba, pamekuwa baridi na ngozi imekaza, maji yanamwagikia nje ya mshipa. Ifungwe na kanula itolewe. Kama pana wekundu na joto, na mshipa umekuwa mgumu kama uzi chini ya ngozi, mshipa umeshika moto na kanula inatolewa vilevile. Ukiona usaha, au homa na kutetemeka vikaanza baada ya dripu kuwekwa, mwite nesi hapohapo, kwa sababu vijidudu vinaweza kuwa vimeingia kwenye damu. Baadhi ya dawa zikimwagika nje ya mshipa huunguza nyama, hivyo maumivu makali wakati dawa inaingia hayavumiliwi hata dakika moja: sema isimamishwe. Na kanula ambayo haijatumika tangu jana haina sababu ya kukaa mkononi mwako. Omba itolewe leo.